Mgeni Ubaoni

Nilirudi kutoka Kampala na digrii ya kemia, lakini usingizi wangu ulibaki huko huko. Nyumbani kwetu Temeke nilikuwa nalala chali, nikisikiliza panya wakikimbizana kwenye makuti, na swali moja limenikalia kifuani: nikisimama mbele ya darasa, mtoto akaniuliza jambo nisilolijua, uso wangu nitauweka wapi?

Swali hilo halikuwa la bure. Ofisi ya elimu mjini ilikuwa inangoja jibu langu siku ya Jumatatu. Nafasi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa katika maabara ya serikali, kupima maji ya visima na mabomba, na maji, nilijiambia, hayanyoshi mkono kuuliza. Nyingine ilikuwa katika shule ya Chang'ombe, ile ile niliyosoma mimi, ambako darasa la kumi lilikuwa limekaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia wala wa aljebra. Aliyekuwa akiingia ni mwalimu wa historia. Aliwasomea kitabu cha kemia kwa sauti kama hadithi, na walipomwuliza kitu aliwajibu kwamba jibu liko mbele, wawe na subira.

Mama yangu alisema nichague yoyote mradi nile. Nilikuwa siwezi kula. Nililipima jambo hili kila upande, na kila upande ukawa na upande mwingine nyuma yake. Na kila nilipokifikiria kile kiti kilichoachwa wazi pale Chang'ombe, nilimwona aliyekuwa na kiti hicho, ingawa kwa kweli hakuwahi kukikalia. Alikuwa anakitumia kuwekea kofia.

Walimu wengine tuliwaita kwa majina yao. Yeye tulimwita Mwalimu tu, kana kwamba wale wengine walikuwa wamekuja kumsaidia. Alikuwa mtu wa milimani, Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye lafudhi iliyomfanya kila neno alitamke kama analiweka mezani. Kifua chake kilikuwa kipana na mikono yake midogo, na kidole cha shahada kilikuwa na weupe wa chaki ambao hata sabuni ya kufulia haikuuondoa. Tulikuwa tunasema kwamba akifa, kidole hicho kitaendelea kuandika.

Alikuwa na baiskeli ambayo hatukuwahi kumwona ameipanda. Kila asubuhi aliisukuma kutoka Temeke hadi Chang'ombe, madaftari yetu yamefungwa nyuma kwa kamba ya katani, chupa za dawa za maabara zimening'inizwa kwenye usukani ndani ya soksi ili zisigongane. Watu waliompita walimsalimu na kumtania.

"Mwalimu, leo pancha tena?"

"Nzima kabisa."

"Sasa mbona huipandi?"

"Yenyewe ina magurudumu mawili, mie nina miguu miwili. Tukienda pamoja tuna minne. Umewahi kuona meza ikianguka?"

Kwa sheria ya shule masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Naye alifundisha kwa Kiingereza, mpaka pale alipotaka tuelewe. Hapo aliweka chaki chini, akatazama dirishani kama mtu anayechungulia mvua, akaanza Kiswahili.

Ndivyo tulivyoipata aljebra. Siku ya kwanza aliandika herufi x katikati ya ubao, peke yake, halafu akarudi nyuma kuitazama hata tukaanza kutazamana.

"Mgeni ameingia," alisema. "Humjui jina. Utafanya nini?"

Mmoja wetu akasema, "Nitamwuliza jina lake, Mwalimu."

"Kwenu mgeni anaulizwa jina mlangoni, na mizigo iko kichwani? Mama yako amekufunza hivyo?"

Tukacheka, yule mwenzetu akainama. Mwalimu akaandika: 3x + 7 = 22. Akaeleza kwamba hawa ni wageni watatu waliofanana kama mapacha, nao wamebeba mzigo wa saba. Kwanza watue mzigo. Ukitua mzigo upande huu, tua na upande wa pili, maana nyumba hii ina vyumba viwili na mwenye nyumba hapendi upendeleo. Imebaki kumi na tano. Sasa watenganishe, kila mmoja akae kwenye kiti chake. Ndipo jina linajitokeza lenyewe, bila kumwaibisha mtu. Ni tano.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesema "kutafuta x" darasani kwetu. Tulisema "kumpokea mgeni". Hata Selemani, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, ambaye alikuja shule kwa sababu baba yake alikuwa anamsindikiza hadi getini, alipenda kupokea wageni. Siku moja Mwalimu alimpa x + 3 = x + 5. Selemani alitua mizigo, akahamisha, akarudisha, jasho likamtoka, mwisho akabaki na tatu sawasawa na tano.

"Mwalimu, huyu amekataa kusema jina."

"Mtazame vizuri. Huyo ni mgeni kweli?"

Selemani akatazama. "Huyu mwizi, Mwalimu."

"Basi mfungie mlango uandike hakuna jibu, ukae."

Alikuwa bahili wa sifa. Ukipata hesabu ngumu hakusema vizuri, wala hakutikisa kichwa; alisema "Endelea" tu, na tulijifunza kuila "Endelea" kama watu wengine wanavyokula halua. Jibu lisilo na njia hakulitia alama hata likiwa sahihi. Nilimlalamikia mara moja, nikiwa nimefanya hesabu yote kichwani. Akanirudishia daftari. "Hata mbuzi aliyepotea hufika mahali," alisema. "Mie nataka kujua umepitia wapi."

Nilikwenda nyumbani nikayafikiria maneno hayo siku nzima, kana kwamba yalikuwa na maana nyingine iliyofichwa. Hayakuwa nayo. Alitaka tu niandike njia.

Mambo yake mengine hayakulingana, na nadhani ndiyo maana tulimpenda. Mtu aliyetufundisha kutafuta kisichojulikana alikuwa anafungwa bao kila Jumapili na fundi cherehani jirani yake, tena kwa aibu, kete zikiliwa nyumba baada ya nyumba huku watu wamesimama wanapiga vigelegele. Alipoulizwa alisema bao si hesabu, bao ni uso, na uso wake ulikuwa hauwezi kusema uongo. Alihubiri kuwahi na mkononi alivaa saa iliyosimama tangu kabla hatujamjua. Alitukataza kuonja chochote katika maabara, akaandika onyo hilo kwa herufi kubwa ukutani, kisha tukawa tunamkuta amechovya kidole kwenye chumvi aliyoikausha mwenyewe na kukilamba, macho yamefumbwa, kama mpishi wa harusi.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha stoo chenye dirisha moja. Vifaa vilivyotakiwa kuja havikuja, au vilikuja vimevunjika, kwa hiyo Mwalimu alihamisha vitu vya jikoni kwa mkewe kidogo kidogo. Ndimu, siki, magadi, chumvi ya mawe, sufuria ndogo, vyote vilisafiri kwa baiskeli. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa mwanamke mrefu asiye na haraka. Siku moja alikuja shuleni mwenyewe, akasimama mlangoni katikati ya somo.

"Shikamoo Mama," tukasema sote.

"Marahaba wanangu. Mwalimu, nina maharage motoni. Magadi yangu yako wapi?"

Mwalimu akatazama chupa mkononi mwake. Ilikuwa inatoa povu. "Yamegeuka," alisema.

"Yamegeuka kuwa nini?"

"Darasa la tisa, mjibuni Mama."

Tukamjibu kwa pamoja, kwa Kiingereza, tukitaja chumvi, maji na gesi iliyotoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Basi leo mtakuja kula hiyo gesi," alisema, akaondoka. Jioni, kwa aibu, tulimchangia magadi mapya kutoka majumbani kwetu, na yalikuwa mengi hata akawagawia majirani.

Katika kemia ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya kusawazisha milinganyo. Oksijeni, alisema, haitembei peke yake. Hutembea wawili wawili kama wasichana wanaokwenda bombani, na ukimkuta mmoja peke yake ujue anatafuta ugomvi. Selemani aliitwa ubaoni kusawazisha haidrojeni na oksijeni zinapokuwa maji. Kushoto oksijeni ni mbili, kulia ni moja. Selemani akachomeka namba mbili ndogo chini ya oksijeni ya upande wa kulia, pande zikawa sawa, akarudi kukaa kama mtu aliyechinja ng'ombe.

"Selemani, una kiu?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Ukinywa hayo uliyoandika utalala hospitali. Hiyo ni dawa ya kuoshea vidonda."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akangoja kitulie, kisha akasema jambo ambalo nililiandika wakati ule bila kulielewa sana. Alisema unaruhusiwa kuongeza idadi ya watu ukipenda, lakini usimbadilishe mtu kuwa mtu mwingine ili hesabu yako itimie.

Lakini nikitaka kumweleza mtu Mwalimu alikuwa nani, huwa namsimulia habari ya chupa.

Ilikuwa masika, na karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi, zilikuwa zimekwisha, naye akachemsha choya, yale maua mekundu ya sharubati, akatuonyesha jinsi maji yake yanavyokuwa mekundu katika ndimu na kijani katika magadi. Kisha akatuambia kesho kila mmoja alete maji ya mvua katika chupa safi. Alisisitiza neno safi. Maji ya mvua, alisema, hayana chumvi za ardhini, kwa hiyo choya itabaki na wekundu wake. Alikuwa na sababu ya kusisitiza, maana kesho yake alikuwa anakuja Mzungu wa ukaguzi.

Nilipofika nyumbani na kusema Mwalimu anataka chupa safi, mama yangu alilichukua kama jambo la heshima ya nyumba. Nami sikumwachia peke yake. Niliiosha, nikaitazama kwenye jua, nikafikiri labda kuna kitu sikukiona, nikaiosha tena.

Kesho yake Mzungu alikaa nyuma, kaptula nyeupe, soksi nyeupe hadi magotini. Mwalimu akaeleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kitakachotokea. Tukapita mmoja mmoja mezani. Akadondosha choya katika chupa ya kwanza. Kijani. Ya pili, kijani. Yangu ilikuwa kijani kuliko zote, kijani ya jani la mgomba. Chupa baada ya chupa, maji ya mvua ya Temeke nzima yalikuwa yanatoa rangi ya magadi.

Nilimwangalia Mwalimu nikaaibika kwa niaba yake. Nilikuwa tayari nimemtungia majibu kichwani: aseme choya imeharibika, aseme sisi tumeleta maji ya kisima. Mzungu akauliza kutoka nyuma kwa nini imekuwa hivyo. Mwalimu akaiinua chupa yangu kwenye mwanga, akaizungusha.

"Sijui," alimjibu kwa Kiingereza. Kisha akatugeukia, akasema tena kwa Kiswahili ili tusije tukadhani tumesikia vibaya. "Sijui, jamani. Tena inapendeza."

Hakukuwa na aibu usoni mwake. Kama alivyosema mwenyewe, uso ule haukuweza kuficha kitu, na kilichokuwepo ni hamu, kama ya mtu aliyesikia hodi ya sauti asiyoitambua.

Chupa ya mwisho ilikuwa ya Selemani, iliyokuja imechelewa kama mwenyewe. Choya ikadondoka, ikatawanyika, ikabaki nyekundu.

"Simama hapo," Mwalimu alisema. "Chupa hii umeioshaje?"

Selemani akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia. "Sikuiosha, Mwalimu. Niliisuuza tu njiani, kwenye maji ya mvua."

"Na nyie wengine mmeoshaje?"

Mmoja akasema: "Kwa majivu, Mwalimu." Na mwingine: "Majivu na mchanga." Na mimi: "Majivu, Mwalimu. Mara mbili." Hakukuwa na nyumba Temeke ambamo chombo cha mgeni wa heshima kingesafishwa kwa kitu kingine. Tulikuwa tumetia majivu kwenye shingo nyembamba za chupa, tukatikisa kwa nguvu zote, tukasuuza kwa haraka, yakabaki.

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja hata chupa zikaruka. Akaagiza majivu jikoni kwa mpishi wa shule, akayakoroga majini, akachuja kwa leso yake mwenyewe, akadondosha choya. Kijani. Akakamua ndimu juu yake. Nyekundu. Akatia majivu tena, kijani. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekaa. Tulikuwa tumeizunguka meza tukisukumana, na mkaguzi naye ameinuka, ameomba ndimu, anakamua kwa mikono miwili, na choya ikamrukia kwenye soksi. Alitazama lile doa, akatazama ndimu, akaendelea kukamua.

"Safi inategemea unasafisha kwa ajili ya nini," Mwalimu alisema alipokuwa anakunja leso iliyoharibika. Selemani alitembea siku zile kama mvumbuzi. Alidai uvivu wake ulikuwa wa kisayansi.

Baadaye nikaenda Kampala. Huko nilifundishwa na watu waliojua mengi zaidi ya Mwalimu, katika maabara zenye mabomba ya gesi na vioo vya kila umbo, na nikapata woga huu. Sijui niliupatia wapi hasa. Labda nilipoona jinsi kitabu kimoja kinavyotaja vingine kumi, nikaamini kwamba mtu hana haki ya kufumbua mdomo kabla hajavimaliza vyote. Niliporudi niliambiwa Mwalimu ameacha kazi. Mtoto wa jicho ameziba macho yake, ubao hauoni tena, naye amehamia Kinondoni kwenye kiwanja chake.

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu, Selemani alinikuta nimekaa kizingitini. Alikuwa sasa fundi katika karakana moja ya Chang'ombe, kucha zina grisi, na alikuwa amenenepa.

"Unafanya nini?"

"Nafikiri."

"Unafikiri tangu wiki iliyopita. Hata kuku anayeatamia huinuka akanywe maji. Twende kwa Mwalimu ukamwulize."

Tulifika Kinondoni baada ya alasiri. Nyumba ilikuwa mpya, upande mmoja umepakwa chokaa na upande mwingine bado udongo. Mama alinitambua kabla sijafika mlangoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda hivi. Huko Kampala hawapiki?"

Mwalimu alikuwa kitini barazani, ameinamisha kichwa upande kama ndege anayesikiliza. Alinitambua kwa sauti, akanishika mkono, hakuuachia. Weupe wa chaki ulikuwa umetoka kwenye kidole. Ngozi iliyobaki ilikuwa nyororo kama ya mtoto. Nilimwambia nina jambo zito nataka ushauri. Nilikuwa nimelipanga tangu Temeke, hoja za upande huu na za upande ule.

"Litangoja," alisema. "Nina darasa."

Darasa lilikuwa linaingia. Walikuwa watu wazima wa mtaani, mafundi wenzake Selemani wawili watatu, mlinzi mmoja, na Bi Zuhura, muuza vitumbua, ambaye alisema alianza kuja ili ajue wanaume wanafundishwa nini, akakuta inamfaa. Walikaa kwenye mikeka. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi.

"Macho yangu yamechoka," Mwalimu aliniambia. "Wewe uandike, mie nitasema."

Nikaandika alichosema. Tulikuwa tunafungua mabano: hasi mbili mara mabano, x kutoa tatu. Nikaandika hasi mbili x, kujumlisha sita. Nilipogeuka kumsubiri aeleze, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshuka, amekaa mkekani kati ya Bi Zuhura na mlinzi, miguu ameikunja, mkono ameunyosha juu.

"Mwalimu, naomba kuuliza," alisema. Alikuwa anasema na mimi. "Mie naona hasi mbili na hasi tatu. Hiyo kujumlisha sita imetoka wapi? Hasi na hasi zimekutana, zikazaa chanya?"

Kila uso ukanigeukia. Kitu kilichokuwa kinaninyima usingizi kilikuwa hapo mkekani, kimenyosha mkono, na mwenye mkono alikuwa mtu wa mwisho duniani niliyetaka kuaibika mbele yake. Kanuni niliijua. Ningeweza kuithibitisha kwa mistari, kama Kampala. Lakini nilipowatazama nikaona mistari ile haitavuka mkeka.

"Ni kanuni," nilisema.

"Imetungwa na nani?" aliuliza mlinzi.

Selemani akataka kuniokoa. "Adui wa adui yako si rafiki yako? Ndiyo hiyo hiyo."

"Mwongo," alisema Bi Zuhura. "Mume wangu ana wake wengine wawili. Wao kwa wao hawapatani, na wote wawili mie hawanipendi. Huyo rafiki yuko wapi?"

Baraza zima likacheka, na Mwalimu akacheka kuliko wote, akijifuta macho yake mabovu. Nami nikacheka, bila kukusudia, na nilipokuwa nacheka sikuwa naogopa. Niligundua kwamba kwa kweli nilikuwa sijui namna ya kuwaeleza, na kwamba nilitaka sana kuijua. Nikatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Pembeni ya baraza kulikuwa na pipa la maji lenye tundu, linadondoka polepole mchangani.

"Tulitazameni lile pipa," nilisema. "Maji yanashuka. Tuseme yanashuka vidole viwili kila saa. Kushuka tukuandikeje?"

"Hasi," alisema Selemani. "Hasi mbili."

"Saa tatu zijazo yatakuwa wapi?"

"Chini vidole sita," alisema mlinzi.

"Vema. Sasa turudi nyuma. Kurudi nyuma nako tukuandike hasi. Saa tatu zilizopita, maji yalikuwa wapi, tukilinganisha na sasa?"

Bi Zuhura alikuwa analitazama pipa kama anayemkumbuka mtu. Akainua kiganja, akakipandisha taratibu hewani.

"Juu," alisema. "Yalikuwa juu vidole sita." Akanigeukia. "Aa. Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo."

"Mbona ulisema kanuni?"

Kabla sijajibu, Mama alitokea mlangoni na ungo mkononi. "Na nyie watu wazima wote mmekaa mnaliangalia tu pipa langu linavuja?"

Selemani na wenzake wakaruka kulifunga tundu. Mwalimu alibaki mkekani, ameegemea ukuta. Nikakaa karibu naye. Shati langu lilikuwa limelowa mgongo mzima, na mikono yangu imejaa chaki.

"Ulikuja na swali," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bado unalo?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Ninalo. Limepungua kidogo."

"Lisiishe," alisema. "Likiisha utaanza kuwasomea kitabu." Halafu akaomba nimsaidie kusimama, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, na hakulizungumzia tena jambo hilo. Tulikula wali na maharage. Alitaka nimweleze habari za maabara za Kampala, kila chombo na rangi yake, na nilipomweleza alikuwa anatikisa vidole kana kwamba anavishika.

Usiku ule nililala.

Jumatatu nilikwenda mjini. Karani wa ofisi ya elimu alikuwa kijana mwenye tai, aliyenitazama kwa huruma ya kindugu.

"Maabara ya serikali ina feni darini," alisema. "Na mlango unafungwa, hakuna wa kukusumbua. Chang'ombe kuna vumbi na watoto. Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri sana," nilisema. "Niandikie Chang'ombe."

Darasa la kumi walisimama nilipoingia, madawati yakagongana. Walikuwa wengi kuliko tulivyokuwa sisi. Nilitaka kwanza kutoka nje nikapitie tena somo langu, nikajua nikitoka sitarudi. Nikachukua chaki, nikaandika tarehe. Tarehe ikapanda upande mmoja kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa vibaya. Niliitazama, nikaiacha. Kisha niliwageukia nikawauliza, kabla hatujaanza lolote, nani ana swali.

Walitazamana kwanza. Halafu mikono ikaanza kuinuka, mmoja, mwingine, safu nzima ya nyuma, na nikamchagua yule aliyeunyosha juu kabisa.